Msituchanganyie rangi halisi na rangi ya kubuni kwenye picha za vita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha ya askari wa Ufaransa mliyoichapa hivi karibuni kwenye ukurasa wa historia, mkaieleza kuwa ni picha ya rangi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi ni fundi mstaafu wa chumba cha giza, nimeishi kwa kusafisha filamu na kuchapa picha. Askari wale wanakimbia, na kila mguu unaonekana wazi bila ukungu. Sahani za rangi za wakati ule, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa picha, hazikuweza kumnasa mtu anayekimbia. Picha ile ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi ikaja kutiwa kwa kompyuta miaka mingi baadaye.

Kinachoniuma ni kwamba picha za rangi za kweli za vita vile zipo. Tangu mwaka 1907 ndugu wawili wa Lumière, wa mji wa Lyon, Ufaransa, walikuwa wakiuza sahani za kioo zilizoitwa Autochrome. Kioo kilitandazwa chembe za wanga wa viazi, ndogo mno kuonekana kwa macho, zilizotiwa rangi ya machungwa, kijani na urujuani. Mapengo kati yake yalizibwa kwa unga wa makaa, kisha kioo kikapakwa dawa inayonasa mwanga. Wanga ule ulimeza mwanga mwingi mno, hata kwenye jua kali lenzi ilibidi iachwe wazi kwa sekunde nzima au zaidi.

Ndiyo maana kwenye picha za Autochrome hukuti mashambulizi. Unakuta watu waliotulia. Mwaka 1917 Paul Castelnau na Fernand Cuville, wapiga picha wa jeshi la Ufaransa, walipiga picha za askari walio mapumzikoni, wanakijiji, na magofu ya mji wa Reims. Castelnau aliwapiga picha pia askari wa Kiafrika, wale walioitwa wa Senegal ingawa walitoka makoloni mengi ya Afrika Magharibi. Weusi wa ngozi zao umetofautiana mtu na mtu, kama ulivyo kweli. Na ipo ile ya Reims ya mtoto wa kike anayecheza na mwanasesere, pembeni yake bunduki na mzigo wa askari. Hiyo naweza kuitazama jioni nzima.

Tena sahani hizi hazikuwa na negativu, ile picha ya kinyume ambayo nakala huchapwa kutokana nayo. Kioo kilichokuwa ndani ya kamera ndicho hicho hicho kilichogeuzwa kwa dawa kikawa picha. Kwa hiyo kioo kinachotunzwa leo kilikuwepo pale pale, hatua chache kutoka kwa yule askari, na mwanga uliotoka kwenye koti lake la bluu ulipenya chembe zile zile tunazozitazama sasa. Nimeshika picha nyingi maishani, lakini hakuna zinazonigusa kama hizi.

Sisemi rangi zake hazina kasoro. Zimepoa kidogo, zina punje, na pengine kitu chote kimeelemea upande wa rangi moja. Lakini kasoro hizo zimetokana na mwanga na dawa, si na mtu aliyekaa akakisia. Anayetia rangi leo hana budi kukisia. Sahani nyingi za zamani za nyeusi na nyeupe hazikuuona wekundu: suruali nyekundu, ambazo Wafaransa waliingia nazo vitani mwaka 1914, zilitoka karibu nyeusi, na bluu ya sare zilizofuata ikatoka nyeupe kuliko ilivyokuwa. Kijivu peke yake hakiwezi kumwambia mtu suruali ilikuwa ya rangi gani, seuze uso wa mtu.

Siwakatazi kuchapa picha zilizotiwa rangi, zinawavuta vijana na hilo ni jema. Ombi langu ni mstari mmoja chini ya picha: imepigwa kwa rangi, au imetiwa rangi baadaye. Jina la mpiga picha nalo liandikwe likijulikana. Na kwa kuwa kila Novemba mnakumbuka kumalizika kwa vita vile mwaka 1918, mwaka huu mchape Autochrome moja ya kweli, kubwa, nusu ukurasa. Ikiwa ni yule mtoto wa Reims, nitanunua nakala za wajukuu zangu wote.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi mstaafu wa picha