Na sisi tusiokunywa maziwa?

Mhariri,

Kila nikisoma mapishi ya juisi nzito ya matunda, naambiwa nitie maziwa au mtindi. Sisi ambao maziwa yanatuvuruga tumbo tufanyeje?

Mimi nakuna nazi moja, nakamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nachuja mara mbili. Machicha nawapa kuku. Kisha embe dodo moja, ndizi mbivu mbili nilizomenya na kugandisha usiku kucha, na kipande cha tangawizi. Sukari ya nini, na dodo lenyewe hilo? Pasheni naichuja na kuitia mwishoni. Siku moja niliisaga kwenye blenda pamoja na mbegu, mume wangu akaniuliza kama nimetia pilipili manga.

Papai kwa maziwa ya ng'ombe huwa chungu likikaa kidogo. Kwa tui sijapata shida hiyo, ila inyweke siku hiyo hiyo. Tui halisubiri, hasa umeme ukikatika.

Waandishi wenu wa mapishi watukumbuke na sisi.

Mama wa watoto watatu,
Ngamiani, Tanga