Ami, hospitali nayo twende

Ami, shikamoo.

Nakuandikia hadharani bila kukutaja jina, kwa kuwa hapa Lamu kuna nyumba nyingine zenye mtu kama wewe.

Tangu ustaafu jeshini, kila alfajiri unakunja blanketi pembe kwa pembe kana kwamba litakaguliwa, kisha unalikalia mpaka adhana ya adhuhuri. Barazani huji tena. Usingizi umekukimbia, watoto wakigonga mlango unafoka. Shangazi anasema ni jini, kakuletea kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Linywe, na dua tusome, lakini hospitali nayo twende.

Watu wanadhani ni vita tu. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na waliorudi na jinamizi la mapigano wapo, nao wana tiba yao. Lakini wewe hukuniambia unaota risasi. Uliniambia, “Siku hizi hakuna anayeningoja popote.” Hilo nalo madaktari wanalijua: mtu kushindwa kuzoea mabadiliko makubwa ya maisha. Huanza ndani ya miezi 3 tangu mabadiliko yaingie, na kwa kawaida halizidi miezi 6 baada ya chanzo chake kwisha. Sasa kustaafu kutakwisha lini? Ndiyo maana sitaki tukae tukingoja.

Huko hospitali mshauri atakuomba uandike siku yako saa kwa saa, na moyo ulivyokuwa. Kisha mtachagua jambo dogo, mlipangie siku na saa, nawe ulifanye hata kama huna hamu. Hapo ndipo wengi hukwama, maana tumezoea kungoja hamu ije kwanza. Katika tiba hii kitendo hutangulia, hamu hufuata. Mashua ya babu ipo ufukweni, kalafati ya kuziba mianya imetoka. Jumanne baada ya alasiri, mwanya mmoja tu wa mbao: pamba, sifa (yale mafuta ya papa), patasi na nyundo. Ukimaliza, andika moyo unasemaje. Wiki ijayo mwanya wa pili, au kahawa barazani.

Hata ile pensheni inayokukosesha usingizi ina utaratibu wake: mnaandika njia zote, mnazipima, mnajaribu moja, mnarudi kuangalia imefika wapi.

Na ami, ukijiwa na wazo la kujidhuru, usingoje miadi. Niamshe usiku huohuo, hata saa nane.

Nesi wa kliniki nimeshaongea naye. Jumatatu nitakupitia saa mbili asubuhi. Kama hutaki kuongea njiani, tutakwenda kimya.