Barua kwa mwanangu anayerudia udongo

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia unataka kurudia ufinyanzi baada ya miaka yote hiyo ya ofisini. Kazi usiiache kwanza. Jumamosi zinatosha kuanzia, maana sehemu kubwa ya ufinyanzi ni kungoja, na udongo utakungoja ukiwa kazini.

Udongo wa hapo Nakuru usikusumbue. Ni wa majivu ya volkano, mwepesi, haushikani. Njoo uchukue huku kwetu Ilesi, Kakamega, na uubebe ukiwa mkavu kabisa. Mabonge makavu ni mepesi kusafirisha, tena ukiyatia majini yanasambaratika yenyewe. Yenye unyevu hukaa magumu siku nyingi. Loweka siku mbili tatu, chuja kwa wavu wa dirisha, toa mizizi, na hasa punje nyeupe za chokaa. Hizo ndizo zinazovunja watu moyo. Chungu kinatoka motoni kizuri, kisha baada ya siku kadhaa kinaanza kubanduka vipande, kwa sababu chokaa iliyochomwa hunywa unyevu wa hewani ikafura.

Twanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, upepete, uchanganye kipimo kimoja kwa vinne vya udongo. Vigae vimeshapita motoni, havisinyai tena, na vinaupa mvuke njia ya kutoka. Kabla ya kufinyanga chochote, tengeneza kibapa, chora mstari wa sentimita 10, kikaushe, ukichome, kisha upime. Mstari ukibaki 9, endelea. Ukipungua kuliko hapo, ongeza vigae.

Usianze na mtungi. Najua ndio unaoutamani, lakini mikono itakumbuka umbo kabla haijakumbuka unene. Anza na bakuli ndogo, kamba za udongo zikiwa nene kama kidole chako kidogo, na kila kamba uishindilie ndani na nje mpaka kiungo kipotee. Kitako ndicho kinachosahaulika: huachwa kinene kuliko ubavu, na hakigandamizwi vya kutosha, ndiyo maana nyufa nyingi huanzia hapo. Kichome kwa sindano upime, kisha uzibe tundu.

Kausha kivulini, mbali na upepo. Mdomo hukauka kwanza, ukasinyaa wakati kitako bado kibichi, na hapo chungu hupasuka. Kwa hiyo ufunike mdomo kwa nailoni, na ukishakuwa mgumu kiasi ukipindue chungu kichwa chini. Wakati ambao ukucha unaacha alama lakini kidole hakibonyezi, sugua kwa kijiwe laini cha mtoni. Ukichelewa, kijiwe kinakwaruza tu. Masika kipe chungu wiki mbili au zaidi. Kiweke shavuni: ukihisi ubaridi, maji bado yamo.

Sasa moto, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Tafuta mwenye shamba nje ya mji, Njoro au Rongai. Ploti ya kupanga haifai kwa moshi, na chungu kikavu kisichochomwa hakivumilii mtikisiko wa safari ya matatu. Chagua siku isiyo na upepo. Moto wa kwanza ni wa kukausha, si wa kuchoma. Vizungushe vyungu kandokando ya moto mdogo, ukivigeuza, mpaka viwe vya moto kiasi cha kutoshikika. Maji yaliyobaki ndani yakipata joto la ghafla hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unalipua ubavu. Baada ya hapo ndipo upange kuni kavu, vyungu juu yake, mavi ya ng'ombe makavu na nyasi, halafu ufunike kwa vigae vikubwa. Moto ukishakufa, viache vipoe humo humo. Madoa meusi yasikuhuzunishe. Ni pale kuni zilipovigusa vyungu, na mimi nayapenda.

Gonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kinacholia vizuri ni kizima. Chenye sauti ya kufa kina ufa hata kama huuoni. Cha kupikia, kabla ya kukitumia, chemsha uji mzito ndani yake ukae usiku kucha, wanga uzibe vitundu. Cha maji ya kunywa usikifanyie hivyo, maana maji hupoa kwa kupenya kidogo kidogo ubavuni na kukaukia nje.

Mama yako.