Maoni ya mtandaoni yahitaji msimamizi na kanuni

Mhariri,

Ibara ya 21 ya Katiba ya Tanzania inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kukusanya maoni mtandaoni kunaweza kuisaidia haki hiyo, ila kuweka rasimu ya sheria yenye kurasa nyingi na kisanduku kitupu chini yake hakutoshi. Watu huandika "naunga mkono" basi, au hulalamikia mengine kabisa.

Rasimu igawanywe kifungu kwa kifungu, kila kimoja na swali lake, kwa Kiswahili chepesi. Msimamizi atangaze kanuni kabla ya siku ya kwanza: yanaondolewa matusi, taarifa binafsi za watu na maoni yaliyonakiliwa neno kwa neno, ukosoaji unabaki. Kila kinachoondolewa kiandikiwe sababu, na mwenyewe apewe nafasi ya kurekebisha. Hapa ndipo imani huvunjika, maana anayeona maoni yake yametoweka kimyakimya harudi tena.

Taiwan mwaka 2015, walipojadili usafiri wa Uber, walitumia mfumo wa Pol.is usio na kitufe cha kujibu: unakubali, unakataa, unapita, au unaandika kauli yako. Malumbano yakakosa pa kuanzia.

Wakazi wa vijiji vya Bahi na Chamwino wasio na bando wapeleke maoni kwa karatasi kwa mtendaji wa kijiji, naye ayaingize. Kwa hiyo wiki 2 za kupokea maoni hazitoshi, napendekeza 6. Kisha lichapishwe jedwali la kilichopokelewa, kilichobadilishwa, kilichokataliwa na kwa nini.

Msomaji wenu,
Nzuguni, Dodoma