Deo, nisaidie hii kesi ya kwaya

Kaka Deo,

Mambo vipi huko Arusha, baridi bado inawanyoosha? Huku Dar wote wazima, mama anakusalimia, joto lile lile, umeme ndo huo huo. Najua nimepotea na we pia umepotea kwahiyo tusilaumiane, nina kesi hapa nataka mtu aliyesoma chuo cha sanaa Bagamoyo aniambie kama nina wazimu au vipi.

Unaikumbuka Baba Yetu? Ile tuliyokuwa tunaisikia kwa kina Kelvin kwenye kompyuta ya baba yake kabla gemu haijaanza. Basi Mwalimu Fidelis kaileta kwaya, tumefanya mazoezi, sauti ya nne imekaa vizuri mpaka Mzee Simoni kaacha kusinzia. Dogo mmoja akafungua simu mbele ya watu, "jamani, huu si wimbo wa gemu?" Weee! Mwenyekiti akasimamisha zoezi palepale, eti hatuwezi kupeleka madhabahuni mambo ya vibanda vya PS. Namwambia mzee, hii ni Sala ya Bwana, unaisali kila siku! Wapi.

Yaani Christopher Tin, Mmarekani, kaitunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV iliyotoka 2005, mwaka 2011 ikachukua Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kuichukua, na katika lugha zote za dunia kachagua Kiswahili, halafu wenye Kiswahili ndo tunaukimbia. Nimecheka lakini imeniuma.

Ila wimbo sio hoja yangu hata. Muziki mzuri haufanyi gemu iwe sanaa, hata tangazo la sabuni linaweza kuwa na muziki mzuri. Kilichonikera ni mwenyekiti kusema "wimbo sawa, lakini gemu ni mchezo, sanaa ni kitu kingine", nikakukumbuka wewe, maana ulikuwa unatuhubiria hivyo hivyo, kwamba msanii lazima ashike usukani, ukimpa mtazamaji usukani hakuna tena kazi ya sanaa. Roger Ebert, yule mhakiki wa filamu wa Chicago, alikuwa na hoja kama yako tangu 2005, na 2010 akaandika kabisa kwamba gemu haiwezi kuwa sanaa. Watu wakamchachamalia, mwaka huo huo akakiri bora angenyamaza maana hizo gemu zenyewe hajazicheza. Msimamo lakini hakuubadilisha, king'ang'anizi kama wewe.

Sasa Deo, wewe umelelewa na bibi Tanga. Bibi akisema paukwa msipoitikia pakawa, anaanza hadithi? Haanzi. Mdundiko ukipita mtaani nani pale ni mtazamaji? Kwenye taarabu mtu anainuka katikati ya wimbo kwenda kutunza kwa sababu ubeti umempiga jirani yake, jirani naye anainuka kujibu, ukumbi mzima unageuka. Sanaa zetu zilishampa msikilizaji kazi tangu zamani, hiyo sheria ya kukaa kimya kwenye kiti mliipata wapi nyie wasomi? (Mtu akiniuliza je bao nalo ni sanaa... hiyo tuiache kwanza.)

Halafu we mwenyewe ni shahidi. Ile gemu ya Shadow of the Colossus, PS2, sebuleni kwetu, ya kijana anayeua madubwana. Umebana kitufe cha R1 mpaka kidole kimekufa ganzi, unaning'inia kwenye manyoya ya lile dubwana la kwanza, ukapanda mpaka kichwani ukachoma upanga, mimi nikaanza kushangilia. Mara muziki ukageuka wa msiba, likaenda chini taratibu, zile nyuzi nyeusi zikatoka zikamwingia kijana. Ukaweka pedi chini, "sasa hili lilitukosea nini?" Lilikuwa linatembea zake tu! Kwenye filamu ungemlaumu muongozaji, pale kidole kilichobonyeza ni chako. Na Fumito Ueda, mtunzi wa gemu yenyewe, kapanga hivyo makusudi, hakuna maadui wadogo wa njiani, ni madubwana 16 na nchi tupu. Usukani bado anao yeye, we umeachiwa dhambi tu.

Au chukua Papers, Please ya Lucas Pope, 2013. Unakuwa afisa wa mpakani, unalipwa kwa idadi ya watu unaowahudumia, na mshahara huo huo ndo kodi ya nyumba na chakula cha familia. Anakuja mume, karatasi safi, unagonga muhuri. Nyuma yake mkewe, hana kibali, anakwambia akirudi kwao watamuua. Ukimpitisha, mashine inatoa karatasi ya onyo, na kwa siku onyo la tatu unakatwa hela. Sote tumesimama madirishani tukaambiwa njoo kesho, ila mimi sijawahi kukaa upande wa pili wa dirisha. Nilimpitisha. Baadaye nikawakataa wengine kwa kuogopa kukatwa na wala sikujisikia vibaya, na hicho ndo kilichonitisha.

MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilichukua gemu 14 mwaka 2012, Tetris na Pac-Man zikiwemo, ila wakaziweka idara ya usanifu majengo na dizaini, kama mgeni aliyepitishwa mlango wa uani. Na sibishi, nyingi ni takataka, zile za simu zinazokudai hela kila ukigeuka hata mimi niko na mwenyekiti. Lakini redio umeisikiliza siku hizi?

Sasa naomba uniandikie kitu kifupi cha heshima nimpelekee mwenyekiti, akiona kimetoka kwa mtu wa Bagamoyo atasoma, mimi ananiona mtoto. Usitaje madubwana. Na kama una nota za sauti ya tatu tuma, Fidelis aliandika kwa kusikiliza na kuna sehemu tunagongana.

We kwani bado uko na yale ya usukani? Taarabu utaiweka wapi basi? Pale ulipoweka pedi chini ulikuwa unawaza nini, maana hukuwahi kusema? Neema kajifungua au bado, mbona kimya? Krismasi mnashuka? Na memori kadi yangu uliyoondoka nayo, yenye sevu zote, iko wapi kaka?

Wako,
Gasto