Lincoln alikuwa Mwakilishi kabla ya kuwa Mbunge

Mhariri,

Assalaam alaykum. Makala yenu ya wiki iliyopita ilimwita Abraham Lincoln "mbunge wa jimbo la Illinois" tangu 1834, kisha ikachapisha ile orodha inayozunguka kila mahali: 1832 kashindwa, 1838 kashindwa, 1858 kashindwa, 1860 kawa Rais. Yote mawili yanapotosha, na wanafunzi wa skuli huyanakili kama yalivyo.

Nianze na neno. Hapa Zanzibar hakuna anayemchanganya Mbunge anayekwenda Dodoma na Mwakilishi anayekaa Chukwani. Lincoln alishika kazi zote mbili, kwa nyakati mbali. Kuanzia 1834 hadi 1842, mihula minne ya miaka miwili miwili, alikuwa mwakilishi katika baraza la Illinois lenyewe. Bunge la taifa kule Washington alikaa muhula mmoja tu, 1847 hadi 1849. Na Illinois si jimbo la uchaguzi kama Konde au Kikwajuni. Ni nchi ndani ya shirikisho, yenye gavana, mahakama na sheria zake. Yeye aliwakilisha wilaya moja ya huko, Sangamon.

Huo uchaguzi wa 1832 nao una maelezo. Lincoln, mwenye miaka 23, alirudi kutoka vita vya Black Hawk, vya kupigana na Wahindi Wekundu, katikati ya Julai, na kura zilipigwa tarehe 6 Agosti. Akawa wa 8 kati ya wagombea 13. Lakini New Salem, kijijini kwake, alikojulikana, alipata kura 277 kati ya 300. (Salem iliyotuletea kitambaa cha merikani ni bandari ya Massachusetts, hiki ni kijiji kingine kabisa, cha bara.) Kura hazikuwa za siri: mtu alisimama mbele ya karani akataja kwa sauti anaowataka. Hiyo ndiyo mara pekee Lincoln kukataliwa na wapiga kura moja kwa moja. 1834 alichaguliwa akiwa wa pili kwa wingi wa kura, na 1836, 1838 na 1840 akarudishwa. Orodha yenu haina hata moja ya miaka hiyo, isipokuwa 1838, na hapo alichokosa ni uspika, si kiti. Alikuwa mgombea wa chama chake cha Whig, na aliyemshinda, mwaka huo na tena 1840, ni William Ewing.

Kazi aliyoifanya ndani ya baraza ndiyo iliyostahili kuandikwa. Makao makuu ya Illinois yalikuwa mji wa Vandalia, kwa sheria iliyoyaweka hapo miaka 20, na muda ulikuwa unakwisha. Sangamon ilikuwa na wajumbe tisa, Lincoln akiwemo, saba wa baraza la chini na wawili wa seneti, wote warefu, wakaitwa "Tisa Warefu". Tarehe 28 Februari 1837 kura ya pamoja ilirudiwa mara nne ndipo Springfield, mji wa Sangamon, ikashinda kuwa makao makuu mapya kwa kura 73, nayo ikaahidi kutoa ardhi na dola 50,000 za kujengea.

Siku hizo hizo ilipita sheria ya reli na mito, ya zaidi ya dola milioni 10 za kukopa, na Lincoln aliiunga mkono kwa nguvu zote. Kosa lilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Ili kila wilaya iridhike, ilitakiwa kazi zianze mahali pengi kwa mpigo mmoja, na wilaya zilizokosa reli zikagawiwa dola 200,000 za kuwapoza. Miezi michache baadaye mabenki ya Marekani yakayumba, hati za mkopo zikakosa wanunuzi wa bei nzuri, na vipande vya tuta vikabaki havikuungana. Reli moja tu ilipata kufanya kazi, kipande kilichofika Springfield kutoka Meredosia, nacho kikanadiwa 1847 kwa dola 21,100. Lincoln aliendelea kuutetea mpango huo hata ulipokwisha kuzama. Anayemsifu aliseme na hili.

Mwaka huo wa 1837, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja, soko la watumwa likiwa wazi. Illinois, baraza lilipitisha azimio la kuwalaani wapinga utumwa kwa kura 77 dhidi ya 6. Lincoln alikuwa miongoni mwa wale sita. Tarehe 3 Machi, siku tatu baada ya Springfield kushinda, yeye na Dan Stone, mjumbe mwenzake wa Sangamon, waliandikisha pingamizi wakisema utumwa umejengwa juu ya dhulma na siasa mbaya. Humo humo walisema kelele za kuukomesha huzidisha madhara yake, na kwamba bunge la taifa halina mamlaka ya kuugusa ndani ya majimbo. Nusu hiyo ya pili msiiache, maana ndiyo inayoonyesha alikoanzia.

Kuhusu useneta, ndiyo ile 1858 ya orodha yenu: wakati ule maseneta wa taifa walichaguliwa na mabaraza ya majimbo. Kura iliyompa mpinzani wake Stephen Douglas ushindi, Januari 1859, ilikuwa ya wajumbe 54 kwa 46. Na 1854 Lincoln alichaguliwa mara ya tano kuwa mwakilishi, akakiacha kiti kabla ya kukikalia, kwa sababu katiba ya Illinois haikumruhusu mjumbe wa baraza kuchaguliwa seneta.

Naomba mkirudia makala hiyo, mwandike "mwakilishi" kwa miaka 1834 hadi 1842, "mbunge" kwa 1847 hadi 1849, na muiongezee orodha chaguzi tano alizoshinda za baraza la Illinois pamoja na ule wa 1846 uliompeleka Washington.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba