Majitaka ya viwandani yapimwe na usiku pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu majitaka ya viwandani hapa Dar es Salaam, hasa namna yanavyopimwa. Mto ukibadilika rangi wananchi tunalalamika, wakaguzi wanakuja, sampuli inachukuliwa, kisha tunaambiwa kiwanda kiko ndani ya viwango. Nimefanya kazi ya maabara kiwandani kwa miaka mingi, na najua majibu hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa huku mto ukiendelea kufa.

Viwango vyenyewe sina ugomvi navyo. Kiwango cha taifa cha majitaka, chenye namba TZS 860, kinataka BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu kwa siku 5, isizidi miligramu 30 kwa lita. COD, yaani oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa kemikali, isizidi 60, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, iwe kati ya 6.5 na 8.5, madini ya risasi yasizidi miligramu 0.1. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inamtaka anayetiririsha majitaka mtoni awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde la mto, ambayo kwa Mto Msimbazi wa hapa jijini ni ya Wami/Ruvu. Tatizo liko kwenye chupa ya sampuli: imejazwa saa ngapi, na nani alijua kwamba mkaguzi anakuja.

Kiwanda cha kutia nguo rangi hakitoi maji ya namna moja kutwa kucha. Wakisuuza vitambaa, yanatoka maji mepesi. Wakichemsha kwa kostiki soda, ambayo ni alkali kali, pH inaweza kupita 11. Wakifungulia matangi ya rangi, hapo ndipo penye balaa. Kiwandani nilikokuwa, habari za ukaguzi zikifika, matangi yalisubiri na maji ya bomba yakafunguliwa kwenye chemba ya mwisho. Mkaguzi alijaza chupa yake, akaiweka kwenye kasha la barafu, akajaza fomu. Yeye kazi yake aliifanya vizuri. Baada ya saa sita usiku matangi yalifunguliwa. Mtaroni yalipita maji ya buluu iliyokolea, yanafuka mvuke, povu limefika mdomo wa kalvati. Ukipita hapo mchana, unakuta mstari wa rangi kwenye saruji, basi.

Na hayo maji ya bomba yana kazi yake. Kiwango kinahesabu miligramu kwa kila lita. Ukiongeza lita, namba inashuka, lakini uchafu unaokwenda mtoni ni uleule. Masika nayo inawasaidia wasiokuwa waaminifu, maana mvua kubwa ikinyesha hakuna anayetazama chemba.

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi Daraja la Selander. Kingoni mwake kuna matuta ya mchicha na matembele yanayomwagiliwa kwa maji hayohayo. Uchafu wa chakula utaoza njiani. Risasi na kromiamu haviozi, vinabaki kwenye tope na kwenye udongo wa matuta. Inaniuma kuona mkulima wa mchicha ndiye wa kwanza kufukuzwa, wakati aliyemwaga sumu huko juu ana cheti ukutani.

Naomba viwanda vikubwa vilazimishwe kufunga mita ya majitaka kwenye bomba la mwisho, pamoja na kifaa kinachojichotea sampuli kila saa kwa saa 24, kikiwa na lakiri ya mkaguzi. Gharama abebe mwenye kiwanda. Sheria yetu inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Wakaguzi nao waje bila taarifa, usiku na wakati wa mvua. Wanaounganisha kwenye mtandao wa majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wasiachwe, kwa sababu kostiki ikiingia kwa wingi kwenye mabwawa ya kutibu majitaka inaua bakteria wanaofanya kazi ya kusafisha. Waosha magari na gereji ndogo hawawezi vifaa hivi. Wao wadaiwe mtego wa mafuta unaosafishwa kwa wakati.

Tena majibu ya vipimo yasifungiwe kwenye mafaili. Sheria ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Basi yabandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ambako kiwanda kipo: jina la kiwanda, saa ya kila sampuli, kiasi cha maji kilichotoka na namba za maabara. Utaratibu huu uanze kabla ya masika ijayo.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam